MUULIZE FUNDI: Sofa la picha na magoti ya mama mkwe

Swali

Shikamoo Fundi. Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Mbezi. Mume wangu aliamua kubadilisha sebule yote. Aliliona sofa Instagram, lile la chini lenye mito iliyovimba mraba mraba, kitambaa cheupe chenye vinyweleo vya kujiviringisha. Akampelekea fundi picha, likatengenezwa lile lile. Akaongezea meza ya marumaru yenye mguu mmoja katikati. Ukipiga picha sebule yetu utadhani tuko majuu.

Tatizo ni mama yake. Huwa anakuja kwetu kwa ajili ya kliniki ya magoti. Safari iliyopita alikaa kwenye lile sofa akashindwa kunyanyuka. Tulimvuta, mimi mkono huu, dada wa kazi mkono ule. Yeye alikuwa anacheka lakini machozi yanamlengalenga. Siku hizi akifika anaomba kile kiti cha plastiki cha jikoni. Nikimwambia mwenzangu turekebishe, ananijibu nikigusa nitaharibu dizaini. Nimepima: kutoka sakafuni hadi juu ya mto ni sentimita 34. Halafu upande mmoja, huku chini, limeanza kuvimba. Nifanyeje bila kuleta ugomvi?

*Mama wa Wawili, Mbezi, Dar es Salaam*

Jibu

Marahaba, mwanangu. Mpe mama pole. Na wewe nakupongeza kwa kushika futi, maana watu wengi huniandikia "kochi halina raha" na hapo ndipo habari inapoishia.

Hizo sentimita 34 ni za sofa likiwa tupu. Mwambie mtu akae, pima tena kando ya paja lake. Sponji ikishabonyea sitashangaa ukikuta 28. Kiti cha kawaida cha mtu mzima huwa na 43 hadi 45. Mwenye magoti mabovu anataka 47 au 48. Kwa hiyo mama mkwe wako hapo anachuchumaa, na kuchuchumaa ndiko daktari alikomkataza. Mtu akitaka kunyanyuka, kisigino lazima kirudi nyuma chini ya kiti, na kiganja kipate kitu kigumu cha kusukumia. Sofa lenu limelala sakafuni mzimamzima, kisigino hakina pa kuingia. Na mkono wake ni mto, ukiuegemea unazama nao.

Sofa hilo lina asili yake. Mario Bellini, Mwitaliano, alibuni sofa mwaka 1970 akaliita Camaleonda: viti vya mraba vilivyotunishwa, kila kimoja na mgongo na mkono wake, vyote vinashikana kwa nyaya, ndoano na pete. Ukitaka kitanda, unavua migongo. Ukitaka viti vinne vya kutazamana, unafungua ndoano unavitawanya. Mkono umechakaa? Unauchomoa unaweka mwingine. B&B Italia walilirudisha sokoni 2020, na tangu hapo picha zake na za nakala zake zimejaa kwenye simu za watu.

Sasa ligeuze la kwenu, mtazame tumbo. Kama ni la picha, hutakuta pete wala ndoano. Utakuta fremu moja ya mbao laini, sponji ya bei nafuu, na ule umraba wa juu umeshonwa tu ili ufanane. Simlaumu fundi. Alipewa picha, naye akatengeneza kilichoonekana kwenye picha. Ninachogombana nacho miaka yote ni hicho: tunanakili uso wa kitu, ile sababu iliyokifanya kiwe na uso huo tunaiacha hukohuko. Bellini alitengeneza sofa la kufumuliwa na kupangwa upya. Ninyi mmelipia gogo.

Na mumeo simcheki hata kidogo. Sofa ni zuri, na mtu aliyefanya kazi ana haki ya kuingia kwake akafurahi.

Tuje kwenye uvimbe. Naomba nibashiri: upande uliovimba ni ule anaoanzia dada kudeki. Wabunifu wa vitu hivi wanaishi kwenye nyumba ambazo sakafu inafyonzwa kwa mashine, maji hayagusi. Sisi tunadeki kila siku ya Mungu, ndoo na tambara, na Jumamosi tunamwaga kabisa. Ubao wa chini hapo bila shaka ni MDF, nyuzinyuzi za mbao zilizoshikanishwa kwa gundi na kukandamizwa. Ukishakunywa maji unavimba na haurudi tena, hata uuanike juani mwezi mzima. Usiuzibe kwa rangi. Kata sehemu iliyooza, utoe.

Na uvimbe huohuo ndio utakaokuokoa na ugomvi. Usianze na habari za mama. Mwambie mumeo: "Baba fulani, sofa linaoza, Fundi amesema tuliinue." Atakubali leo hii.

Mwite fundi awatengenezee fremu ya chini ya mninga au mkongo, kimo sentimita 10, na iingie ndani sentimita 6 kutoka ukingoni pande zote. Ipakwe rangi nyeusi isiyong'aa. Mtu akisimama sebuleni hataiona, atahisi tu sofa linaelea. Kumbe umeshapata 44, tambara la kudekia linapita chini bila kugusa kitu, na kisigino kimepata nafasi. Kisha toa sponji ya kiti kimoja tu, cha pembeni, uweke ngumu. Ukienda dukani usiulize "ngumu au laini", kila muuzaji atakuambia yake ni ngumu. Uliza uzito. Sponji isiyofika kilo 20 kwa mita moja ya ujazo ni ya mapambo, itabonyea kabla ya Ramadhani ijayo. Ya kukalia iwe 30 kwenda juu.

Hata hivyo, kwa mama mkwe mwenyewe hiyo 44 haitoshi. Mtengenezeeni kiti chake, kimoja, cha mikono. Kiti kiwe 48 kutoka chini, na kina, yaani kutoka ukingo wa mbele hadi mgongoni, kisizidi 50. Mikono iwe ya mbao tupu, ipande sentimita 20 juu ya kiti, na ifike mbele kabisa. Hapa mafundi wengi wanakosea: wanaukata mkono katikati ya paja ili kiti kionekane chepesi, mzee akitaka kusimama kiganja kinatafuta kitu hakikioni. Mkono uwe na unene wa kushikika, na ncha yake iviringwe kwa msasa mpaka kidole gumba kikae bila kuchomwa. Kivikeni kitambaa kilekile cheupe, mumeo ataona ni sehemu ya seti. Mama asiambiwe ni kiti cha wagonjwa. Aambiwe ni chake.

Kuhusu kitambaa. Hivyo vinyweleo ni vitanzi vya uzi, na kila kitanzi kinasubiri bangili, kucha ya paka au gari la kuchezea la mwanao. Kikivutika usikate wala usivute, kirudishe ndani kwa sindano butu. Shonesha foronya nyingine za zipu, moja ivaliwe, moja ifuliwe, na dawa ya kung'arisha nguo nyeupe usiiguse. Hapo nitasema neno kwa ajili ya vile vitambaa vya kufuma ambavyo mama zetu walivilaza juu ya migongo ya makochi na vijana mkavicheka. Vilikuwa pale kwa ajili ya mafuta ya nywele. Kazi yao waliifanya, na siku ya kufua kochi lilibaki pale lilipo.

Halafu meza, ambayo hukuiuliza. Mguu mmoja wa mtindo huu ni wazo la Eero Saarinen, msanifu wa Marekani, 1957. Alichoshwa na msitu wa miguu chini ya meza na viti. Wazo jema: magoti ya watu sita hayagongi kitu. Ila marumaru ya unene wa sentimita 2 ina uzito wa zaidi ya kilo 50 kila mita ya mraba, kwa hiyo kitako cha chini lazima kiwe kipana na kizito, la sivyo mtoto akining'inia ukingoni inamfuata. Nenda kaikandamize ukingoni kwa mikono miwili. Ikiinuka upande wa pili, ifungwe kwenye kitako kipana zaidi leo, usingoje kesho. Pili, marumaru na ndimu hazipatani. Tone la ndimu au juisi ya ukwaju linaula ule mng'aro na kuacha doa lililofubaa ambalo tambara halitoi. Kachumbari ikae kwenye trei.

Tatu, na hili nawaambia wateja wote kabla hawajalipa: nyumba zetu zina siku ambayo sebule inahamishwa nje. Msiba ukiingia, Mungu apishe mbali, vijana wa mtaa wanatoa makochi dakika kumi, mikeka inatandikwa, akina mama wanakaa. Wewe na meza ya kilo mia na sofa lisilofumuka mtafanyaje? Nimeona nyumba wageni wamekaa kwa kulizunguka sofa, kwa sababu lilijengewa humohumo ndani na mlango hauruhusu. Mwambie huyo fundi wa fremu alikate la kwenu vipande vitatu na kuviunganisha kwa ndoano chini. Bellini mwenyewe angewashukuru.

Swali

Habari Mzee. Mimi ni seremala kijana hapa Ngong Road, Nairobi. Mteja ameniletea picha ya kiti cha vijiti vyeusi, ubao mwekundu mgongoni, ubao wa bluu chini, vincha vya manjano. Anataka sita, vya meza ya chakula. Pesa yake ni nzuri. Lakini nikikitazama naona hakikaliki. Nifanye kazi au nimkatalie?

*Fundi Mchanga, Nairobi*

Jibu

Salama, kijana. Fanya kazi, ila si hiyo aliyoileta.

Kiti hicho ni cha Gerrit Rietveld wa Utrecht, Uholanzi. Alikichora karibu na 1918, na kwa miaka kadhaa kilikuwa mbao tupu. Hizo rangi zilikuja karibu na 1923. Kitazame kwa jicho la kazi, maana Rietveld alikuwa seremala mwenzetu, ameanza randa karakanani kwa baba yake akiwa mtoto. Vijiti havichongwi ulimi na tundu. Kimoja kinapita ubavuni mwa kingine, vinashikwa kwa vijiti vya duara vilivyofichwa ndani, na ncha zinaachwa zitokeze. Ndiyo maana ncha zimepakwa manjano: anakuonyesha ubao ulipokatwa. Mbao ni za vipimo vya kawaida, karakana yoyote inaweza. Hapo pana akili nyingi na nakushauri utengeneze kimoja kwa ajili ya mkono wako tu.

Lakini ni kiti cha kupumzikia, cha chini, kimelala nyuma. Ukikisogeza kwenye meza ya sentimita 75, mlaji atatazama dari na ugali utaanguka kifuani. Mpigie mteja hesabu mbele yake. Mpe kiti cha 45, mgongo ulale kidogo tu, viungo vilevile vya kupitana ubavuni, rangi zilezile, na mto mwembamba wa kufunga kwa kamba. Hicho kitakuwa chako, na utakiuza kwa wengine bila kuogopa mtu kukuuliza umeiga wapi.

Akikataa kabisa akasema anataka kile cha picha, mtengenezee viwili vya kukaa varandani, na mkubaliane hivyo kwa maandishi. Wapo wanaonunua kiti wakitazame. Marc Newson wa Australia ana kiti cha kulalia cha bati za alumini zilizopigwa ribiti, kimoja kiliuzwa mnadani London 2015 kwa zaidi ya pauni milioni 2, na sidhani kama aliyekinunua analalia pale kutazama mpira. Frank Lloyd Wright, msanifu mkubwa wa Marekani, aliandika mwenyewe kwamba karibu maisha yake yote alikuwa na michubuko mahali fulani mwilini kwa sababu ya samani zake za awali. Angalau huyo alikuwa mkweli.

Swali

Assalaam aleikum Fundi. Nafungua mkahawa mdogo Mji Mkongwe, Unguja. Nimependa viti vya miguu mitatu, vinavutia sana kwenye picha. Jamaa zangu wananambia wateja wataanguka. Kweli?

*Mwenye Mkahawa, Unguja*

Jibu

Waaleikum salaam. Wataanguka wachache, na mmoja tu anatosha kukuharibia jina.

Miguu mitatu ina sifa moja ambayo minne haina: haiyumbi popote, hata kwenye sakafu za chokaa za Mji Mkongwe zenye mabonde. Ndiyo maana kigoda cha miguu mitatu kinakaa vizuri uani. Kigoda lakini ni kifupi na hakina mgongo wa kuegemea. Ukikipandisha mpaka 45 na kukiwekea mgongo, mteja atageuka kumwita mhudumu, uzito uende kwenye kona isiyo na mguu, basi. Wright aliwatengenezea hivyohivyo makarani wa kampuni ya Johnson Wax huko Racine, Wisconsin, jengo lililofunguliwa 1939. Usipokaa na nyayo zote mbili chini, kinakupindua. Mwishowe vikaja vya miguu minne.

Hivyo ulivyoviona wewe huenda vimetoka kwenye kile cha Philippe Starck, mbunifu Mfaransa, cha mkahawa wa Café Costes, Paris, 1984. Starck alikuwa na sababu: mguu ukipungua mmoja, wahudumu wanajikwaa mara chache zaidi. Kama mkahawa wako una meza nne na mhudumu ni wewe mwenyewe, sababu hiyo haikuhusu.

Kiti cha mkahawa kimeshatengenezwa zamani, namba 14 ya Michael Thonet, 1859. Mbao iliyopindwa kwa mvuke, vipande sita, skrubu kumi na nati mbili. Vikifumuliwa, viti 36 vinaingia kwenye sanduku la mita moja ya ujazo, na ndivyo vilivyosafiri dunia nzima. Sehemu ya kukalia ni ya kusuka yenye matundu, chai ikimwagika inapita. Ni chepesi, ukifunga unakigeuza juu ya meza udeki. Na ni kizuri. Hapo sijakunyima picha zako. Ukipata vya kuiga, badilisha skrubu zote ziwe za shaba au za chuma kisichoshika kutu kabla havijaingia kazini, maana hewa ya bahari ya hapo kwenu itakula za kawaida na kuacha machozi ya kutu kwenye mbao.

Swali

Shikamoo Mzee wangu. Nimerithi kiti cha enzi cha mpingo kutoka kwa bibi, Tanga. Kina nakshi za vipande vyeupe, nyuzi za mgongoni zimekatika. Mwanangu anasema tukiwekee sponji kiwe cha kutazamia TV. Moyo unakataa.

*Bint Tanga*

Jibu

Marahaba. Sikiliza moyo, mwanao mpe kochi.

Umeniletea kiti kinachowapita wote hao niliowataja. Mgongo wima, mikono mirefu, mahali pa kuwekea miguu, ukubwa wa kumfanya mtu mwembamba aonekane ana cheo. Mafundi wa Lamu, Siyu na Unguja wa karne ya 19 hawakukitengeneza mtu ajinyooshe. Kilikuwa cha mgeni wa heshima, akae kwa kiasi, watu wamwone. Kazi hiyo kinaifanya mpaka kesho, na ukikipa kazi nyingine utakiua. Sponji itaficha nyuzi, na nyuzi ndizo nusu ya uzuri wake.

Tafuta msukaji wa nyuzi za pamba. Lamu bado wapo wanaotengeneza viti hivi. Kabla hajagusa, piga picha kwa karibu upande wa mbele na wa nyuma ili arudishe mtindo uleule. Kukifuta ni kwa kitambaa kikavu, maji hapana, maana vile vipande vyeupe vikilowa vinabanduka. Kisha chukua kioo cha kukuzia uvitazame mwanga wa dirishani. Ukiona vidoti na vijistari vyeusi, ni mfupa. Ukiona mistari inayokatana kama wavu, ni pembe ya ndovu, na hapo usithubutu kumpa jamaa akipeleke nje wala kukitangaza kwa wageni, kwa sababu biashara ya kimataifa ya pembe ilifungwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa uamuzi wa 1989 na forodha hawatakuuliza bibi alikuwa nani.

Kwa ufupi

*Aliyeuliza kutoka Dodoma kuhusu kabati la vitabu lenye rafu za mshazari:* Linatokana na kabati liitwalo Carlton la Ettore Sottsass, mbunifu wa Italia, 1981. Zile za mshazari zinabeba kitabu kimoja kimoja kilichoegemea. Kama una vitabu vya shule vya watoto watatu, chukua la rafu zilizolala, ulipake rangi zake.

*Meza ya kioo, Mwanza:* Tafuta mhuri mdogo kwenye kona, au itazame kwa miwani ya jua ya polaroidi. Ukiona madoa ya kivuli yaliyopangika, kioo kimechomwa ili kiwe kigumu, kikivunjika kitamwagika punjepunje. Usipoona mhuri wala madoa, kichukulie ni cha kawaida, kikivunjika ni visu. Kilichochomwa hakikatwi tena, kwa hiyo huyo anayekuahidi kukipunguza upana hajui kazi.

*Kijana wa Keko aliyetuma picha ya stuli:* Nzuri. Punguza kimo sentimita 8, kaunta yako ni ya 90.